Nyeupe Haichapwi: Kuhamishia Mchoro wa Pasteli kwenye Kikombe cha Kauri

Kikombe changu cha kwanza cha namna hii kilitoka karibu kitupu. Nilikuwa nimechora mawingu matatu ya waridi mpauko yanayopishana na utepe wa samawati, nikayapiga picha, nikayachapa, nikakibana kikombe kwenye mashine ya joto na kukaa pembeni nikihesabu sekunde. Nilipobandua karatasi, utepe wa samawati ulikuwepo, umefifia kama doa lililofuliwa mara nyingi. Mawingu hayakuwepo kabisa. Dada yangu alikigeuza kikombe mkononi, akaniuliza kama nimemaliza au ndiyo kwanza naanza.

Kikombe hicho nakiwekea penseli hadi leo. Kosa halikuwa la mashine wala la wino. Nilikuwa sijaelewa jambo moja, na ukilielewa hili mengine yote yanafuata: kwenye kikombe cha namna hii, nyeupe haichapwi. Nyeupe ni kikombe chenyewe. Na kwa kuwa rangi za pasteli karibu zote ni rangi fulani iliyochanganywa na weupe mwingi, anayechapa pasteli anafanya kazi zaidi na zile sehemu anazoziacha wazi kuliko zile anazozipaka.

Njia ninayotumia ni sablimesheni. Rangi iliyokauka juu ya karatasi ikipashwa moto wa kutosha inageuka gesi moja kwa moja bila kuwa kimiminika kwanza. Gesi hiyo inapenya kwenye tabaka jembamba la poliesta, aina ya plastiki, lililopakwa nje ya kikombe, na joto likishuka inanaswa humo. Kauri yenyewe haisaidii chochote. Imeng'arishwa kama kioo, rangi haina pa kuingilia. Ndiyo maana kikombe cha kawaida kutoka kabatini hakifai, hata ukikipiga moto hadi kesho. Printa nayo ina wino wa saiani (bluu inayoelekea kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Baadhi zinaongeza saiani hafifu na majenta hafifu, na ukipata ya namna hiyo umebahatika. Wino mweupe haumo. Ukitaka waridi mpauko, printa inanyunyiza vitone vichache vya majenta vilivyoachana, na macho yako yanavichanganya na weupe wa kikombe. Mawingu yangu yalikuwa na vitone vichache mno, basi.

Kwa hiyo anza na weupe wenyewe. Vikombe vyenye tabaka la poliesta havifanani. Viko vyenye weupe unaoelekea samawati, viko vyenye weupe wa maziwa, na viko vyenye umanjano kidogo ambao hutauona mpaka ukiweke kikombe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Kwa anayechapa nembo nyekundu na nyeusi hilo si kitu. Kwako ni kila kitu, maana huo umanjano utaingia kwenye kila urujuani utakaouchapa na kuufanya uonekane mchafu. Mimi nikipokea vikombe vipya navipanga vyote mstari mmoja, navitenga kwa weupe wao kabla sijafanya lingine. Halafu napitisha ukucha taratibu kwenye uso wa kila kimoja. Palipo na chembe ya vumbi iliyogandia ndani ya tabaka, ukucha utakwama, na hapo patatokea doa.

Chukua kikombe kilichonyooka, kisichopanuka juu. Kile kinachotumika sana kinajaa kama mililita 330, kina urefu wa sentimita 9.5 hivi na kipenyo cha takriban sentimita 8.2. Mzunguko wake ni karibu sentimita 26, lakini ukitoa sehemu ya kishikio unabaki na nafasi ya kuchapa ya takriban sentimita 21 kwa 9. Usiamini vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi. Zungushia utepe wa karatasi, weka alama, upime kwa rula.

Sasa mchoro, na hapa nitakaa.

Neno pasteli linatumika kwa mambo mawili, na watu huyachanganya. Kuna rangi za pasteli, zile mpauko, na kuna vijiti vya pasteli vya kuchorea: unga wa rangi uliokandwa na gundi kidogo sana, kiasi cha kushikana tu. Vijiti hivyo vinaweza kutoa rangi kali mno. Mfaransa Odilon Redon alichora kwa mkaa mweusi miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye pasteli, na rangi alizozitoa humo zinawaka. Mimi natumia vijiti kupata rangi mpauko, na sababu ni ya kiufundi kuliko ya kimapenzi. Kijiti kikipita juu ya karatasi yenye mikwaruzo kinaacha chembechembe kwenye vilele na kuruka mabondeni. Kati ya chembe na chembe karatasi inaonekana. Yaani mkono wako unafanya kile kile ambacho printa itafanya baadaye kwa vitone. Mchoro uliotengenezwa kwenye kompyuta, wenye mpito laini kutoka waridi hadi nyeupe, ukifika kwenye kikombe mara nyingi unaonyesha ngazi ngazi, mistari iliyopangana kama mawimbi yaliyokauka mchangani. Chembechembe za pasteli halisi zinazivunja hizo ngazi.

Chora kwa ukubwa mara mbili: sentimita 42 kwa 18. Ukipunguza baadaye, makosa madogo ya mkono yanajificha. Lakini kabla hujagusa karatasi, fikiria jinsi kikombe kinavyotazamwa. Hakuna anayeuona mchoro wote kwa mara moja. Nusu ya mviringo tayari imejificha nyuma, na sehemu inayoonekana bila kupindika ni kama theluthi tu. Anayekunywa kwa mkono wa kulia anaona nusu ya kulia ya mchoro wako. Aliyekaa mbele yake anaona nusu ya kushoto. Na ile katikati, pale ambapo kila mchoraji kwa mazoea anaweka kitu chake kizuri kuliko vyote, inatazama upande ambao hakuna aliyekaa! Ilinichukua muda mrefu kuligundua hilo, na nilikuwa nimeshapoteza jua langu la rangi mpauko, nililolipenda sana, pale katikati.

Siku hizi nagawa utepe wangu sehemu tatu. Kulia naweka utulivu, maumbo mapana mawili au matatu yanayogusana kingo, kwa sababu mwenye kikombe ataishi nayo kila asubuhi na kitu chenye kelele kitamchosha. Kushoto naruhusu mchezo zaidi. Katikati napitisha kitu kirefu kinachounganisha, utepe au mkunjo, ili mtu akikizungusha kikombe jicho lisikatike. Kila mchoro naupa angalau alama moja nyeusi au ya bluu iliyokolea. Iwe ndogo, mstari mwembamba tu, au nukta. Rangi mpauko peke yake huonekana kama kitu kilichosahaulika juani. Ukiweka giza kidogo kando yake, weupe unapata sababu ya kuwepo.

Anza na rangi za giza, maliza na za mwanga. Usisugue kwa kidole kila mahali. Najua raha yake, ule ulaini, lakini ukisugua unajaza mabonde ya karatasi na kuua zile chembe nilizozisifu hapo juu. Mimi najiruhusu kusugua mahali pamoja tu kwa mchoro. Vumbi likizidi, usilipulize kwa mdomo. Inua ubao, ugonge nyuma, liache lianguke kwenye kitambaa kibichi. Baadhi ya rangi zina metali kama kadimiamu, na mapafu hayajui sanaa.

Dawa ya kugandisha pasteli, ile ya kupuliza, inatia rangi giza, na rangi za kwanza kudhurika ni hizi nyepesi. Kwa hiyo piga picha kwanza, puliza baadaye. Skana pia naiepuka: kioo chake kinachukua unga, mfuniko unasugua mchoro, na taa yake inayopita ubavuni inazidisha kila mkwaruzo. Simu yenye kamera nzuri inatosha. Weka mchoro wima karibu na dirisha siku yenye mawingu, zima taa zote za ndani ili usichanganye mwanga wa njano na wa mchana, weka kipande cha karatasi nyeupe kabisa pembeni ya mchoro, simama sambamba nao. Simu ina tabia ya kung'arisha kila kitu. Punguza mwanga kidogo kwa mkono kabla ya kupiga, la sivyo rangi zako hafifu zitaungua papo hapo na hakuna programu itakayozirudisha.

Kwenye kompyuta, faili la sentimita 21 kwa 9 kwa vitone 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 1063. Fanyia kazi faili kubwa zaidi kisha upunguze mwishoni.

Jambo la kwanza humo ni kuondoa rangi ya karatasi. Karatasi ya pasteli mara nyingi ni ya krimu, na kamera inaikumbuka. Kuna wakati nilimchapia mtu seti nzima ya vikombe bila kulifanya hili. Kwenye skrini sikuona kitu. Kwenye vikombe kulikuwa na mstatili wa umanjano mwembamba kabisa kuzunguka mchoro, wenye kingo zilizonyooka kama bango lililobandikwa. Mwenyewe hakulalamika, alinyamaza tu, na kunyamaza kule kuliniuma zaidi. Chukua kile kipande cheupe ulichokiweka pembeni, kitumie kusahihisha weupe wa picha, kisha sukuma sehemu za karatasi tupu hadi ziwe nyeupe halisi, pasiwe na kitone hata kimoja cha wino. Kingo za mchoro zififie zenyewe.

La pili ni kukoleza. Pasteli inayopendeza kwenye skrini itapotea kwenye kikombe, maana skrini inatoa mwanga na kikombe kinaurudisha tu. Kwa mashine yangu, chochote chini ya asilimia 6 ya wino hakionekani, na kati ya 6 na 10 kinaonekana kwa anayekitafuta. Lakini usiniige namba. Tengeneza jedwali lako: chukua rangi sita unazozipenda, kila moja uipange kwa miraba ya asilimia 5, 10, 15, 20, 30 na 40, uchape jedwali zima kwenye kikombe kimoja. Hicho ndicho kitakuwa kikombe chako cha rejea. Kabla ya kuchapa mchoro wowote nakiweka changu kando ya skrini na kuuliza: ile waridi ninayoitaka ni mraba wa ngapi? Naitazama kwenye kauri, halafu naandika asilimia yake kwenye faili, hata kama skrini inanionyesha kitu kikali kuliko nilivyozoea. Ukibadilisha wino, karatasi au aina ya kikombe, tengeneza jedwali jipya. Kama aliyekuuzia wino alikupa na profaili ya rangi, yaani faili linaloielekeza printa jinsi ya kuchanganya wino huo, itumie, lakini jedwali usiliache.

Kuchapa sasa. Geuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Tumia karatasi ya sablimesheni, upande wake uliopakwa. Kabla ya yote chapa ukurasa wa kukagua vitundu vya wino, kwa sababu kitundu kilichoziba, ambacho kwenye picha ya giza kingejificha, kwenye pasteli kinaacha mstari mweupe unaokwenda mwisho hadi mwisho. Rangi zitakazotoka kwenye karatasi zitakuwa zimekufa, za kijivujivu. Ziache hivyo. Moto ndio unaozifufua, na anayekimbilia kuzirekebisha hapo ataharibu kazi yote. Acha karatasi ikauke dakika chache, kwani unyevu ukigeuka mvuke ndani ya mashine unaacha madoa na mawimbi.

Futa kikombe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowekwa kidogo kwenye alkoholi ya kusafishia. Uzi mmoja wa nguo uliobaki juu ya kikombe unanyonya rangi na kuacha kijimstari cha bluu, na hakuna kitu kinachopiga kelele kama kijimstari cha bluu katikati ya krimu. Mimi sivai sweta siku ya kuchapa. Funga karatasi ikaze kabisa, isiwe na kifuko cha hewa. Utepe wa kuhimili joto uweke mahali pasipo na rangi, kando ya kishikio, maana nao unaweza kuacha kivuli chake kwenye rangi nyepesi. Zungushia karatasi nyingine nyeupe ya kawaida kwa nje, inywe gesi inayotoroka ili isichafue mashine na kuhamia kwenye kikombe kinachofuata.

Mashine nyingi za vikombe hufanya kazi kati ya nyuzi 180 na 200 za Sentigredi, kwa sekunde 150 hadi 240. Yangu naiweka 185 kwa sekunde 200. Wenzangu wanaochapa picha za watu wanakwenda juu zaidi ili wapate weusi mzito, na wanashangaa kwa nini mimi ni mwoga. Sababu ni ile ile ya mwanzo. Moto ukizidi, tabaka la poliesta linaanza kugeuka njano, na rangi kuu kwenye kikombe changu ni weupe. Kikombe chao kikipata umanjano kidogo, uso wa mtu unakuwa umepata jua. Changu kinakuwa kimezeeka. Kwa hiyo napunguza joto, naongeza muda. Moto ukipungua mno nao, rangi haitoki yote kwenye karatasi, na kwa pasteli ni vigumu kujua kama kikombe kimepauka kwa makusudi au kwa ubichi. Kagua karatasi iliyobanduliwa: ikiwa bado ina rangi iliyokolea, moto haukutosha. Kikombe baridi kikiingia joto la mashine hushuka, kwa hiyo anza kuhesabu linaporudi pale ulipoliweka.

Mbano uwe wa wastani. Karibu na kishikio mashine haishiki vizuri, na vivyo hivyo kwenye kingo za juu na chini. Sentimita moja kutoka kishikio sichori kitu chenye maana.

Muda ukiisha, vaa glavu nene, fungua dirisha kama hukulifungua, shika ncha ya karatasi na uibandue kwa mkupuo mmoja. Ikiteleza na kugusa tena kikombe cha moto, utapata kivuli cha pili cha mchoro pembeni ya ule wa kwanza. Wapo wanaotumbukiza kikombe kwenye maji ili rangi isiendelee kutembea. Mimi nilisikia kimoja kikilia "tik", nikaacha. Kiweke juu ya ubao mkavu, mbali na bati au jiwe baridi, kipoe chenyewe.

Usiye na mashine unaweza kutumia oveni na mkanda wa mpira wa silikoni unaobana kikombe pande zote. Moto wake hauna usawa, na inachukua dakika 15 au zaidi badala ya tatu, kwa hiyo utahitaji vikombe vya kupoteza. Oveni hiyo isiwe ile unayopikia chakula.

Kumbuka pia rangi hii inakaa ndani ya ngozi ya plastiki. Haimo ndani ya kauri. Sifongo laini, ndiyo. Kisugulio cha chuma, hapana. Na usikiache kikombe dirishani penye jua kali. Rangi zote hupauka juani, lakini iliyoanza na asilimia 12 ina safari fupi kuliko iliyoanza na 90. Namwambia hivyo kila ninayempa, na wengi wanakiweka dirishani hata hivyo, kwa sababu ndipo kinapopendeza.

Chini ya kila kikombe naandika kwa kalamu ya wino wa kudumu: nyuzi, sekunde, jina la karatasi, na mraba wa jedwali nilioutumia kwa waridi. Chini ya kile cha penseli hakujaandikwa kitu. Sikuwa nimejua bado cha kuandika.